Alama za Njia Hazipo: Kisa cha Injinia na GRE

Injinia aliniletea kaunta buku ya kwaya mbili. Ndani mlikuwa na maswali ya hesabu zaidi ya mia tatu, kila moja limekokotolewa kwa mwandiko uliotulia: Given, Required, Solution, kisha jibu, na chini ya jibu mistari miwili ya rula. Nikafungua kurasa kama kumi, nikakagua. Makosa niliyoyaona yalikuwa mawili. Mtu huyo huyo, wiki moja kabla, alikuwa ametoka kwenye chumba cha mtihani na 153 ya hesabu, katika kipimo kinachoanzia 130 na kuishia 170.

Nitamwita Injinia kwa sababu ndivyo anavyoitwa Kimara, Dar es Salaam, anakoishi, kuanzia muuza chipsi hadi mwenye nyumba wake. Ameniruhusu niandike mradi nisitaje jina, kampuni wala chuo. Ana miaka 28. Kidato cha tano na sita alisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, akachukua uhandisi ujenzi kwenye chuo kimoja cha umma, akatoka na GPA ya 3.8. Alitaka uzamili wa uhandisi wa miundo huko Marekani, wenye ufadhili, aanze Agosti 2025. Angeomba hapa nyumbani, wangeangalia GPA na vyeti vyake, basi. Kule programu nyingine bado zinadai GRE, mtihani wa jumla unaotungwa na ETS, shirika la mitihani la Marekani, na mtihani huo haujali chuoni ulisoma nini. Hesabu zake kwa sehemu kubwa ni za sekondari: namba, aljebra, jometri, takwimu kidogo. Kalkulasi haimo kabisa.

Alijiunga na kikundi chetu cha kujiandaa na mtihani huo Aprili 2024. Tunakutana Jumamosi Sinza, watu watano au sita, sebuleni kwa mmoja wetu, kila mtu na bando lake.

Kosa la kwanza lilikuwa langu

Siku ya kwanza nilimuuliza anaogopa nini.

"Ticha, mimi Kiingereza ndicho kitaniangusha. Hesabu nimezaliwa nazo."

Nikamwamini. PCM, injinia, miaka mitatu kazini; nani angemwambia akaanze na asilimia? Nikampangia miezi mitatu ya maneno na kusoma vifungu, hesabu zikawa za kujifurahisha wikiendi. Sikumpima. Daktari anayeandika dawa kwa kumsikiliza mgonjwa tu, bila hata tone la damu, tungemsema mtaa mzima. Mimi nilifanya hivyo hivyo na chai nikanywa.

Na kipimo kilikuwepo, tena cha bure. ETS inatoa majaribio mawili kamili ya POWERPREP bila malipo, yanayofanana na mtihani wenyewe mpaka muonekano wa skrini. Injinia alikuwa ameyamaliza yote mawili kabla hajatufikia, sikukuu ya Pasaka, kochini, akikatiza na kurudi kila mgeni alipobisha hodi. Alama alizopata hazikuwa na maana yoyote, na maswali alishayaona.

Kitabu chake nacho alikinunua kwa wauza vitabu vya mtumba mjini. Kizuri, hakina ukurasa uliochanika, ila ni cha mtihani wa zamani. Septemba 2023 GRE ilifupishwa kutoka saa tatu na dakika 45 hivi hadi saa moja na dakika 58. Zamani kulikuwa na insha mbili. Ya kuchambua hoja ya mtu mwingine ikaondolewa, ikabaki moja ya dakika 30 ya kutetea msimamo wako. Injinia alikuwa ameshaandika insha kumi na moja za aina iliyofutwa.

Hesabu sasa zina sehemu mbili: maswali 12 kwa dakika 21, halafu 15 kwa dakika 26. Lugha ni 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Ukigawanya, swali la hesabu lina dakika moja na sekunde 45 hivi, la lugha dakika moja na nusu. Hiyo dakika moja na sekunde 45 ndiyo iliyomla.

Kwanza maneno, maana huko ndiko nilikompeleka. Alifanya alichozoeshwa na shule: aliyakariri. Vikadi mia tisa kwenye simu, Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule. Qualify, kufuzu. Check, kukagua. Sanction, vikwazo. Yote sahihi, na yote yalimwangusha. Kwenye vifungu vya GRE, mwandishi akiambiwa ame-qualify kauli yake hajafuzu chochote, ameipunguza makali. Check mara nyingi ni kukizuia kitu kisiendelee. Sanction ndiyo kiboko, maana inaweza kuwa kuadhibu na inaweza kuwa kuidhinisha, na ni sentensi tu inayoamua.

Nilimuuliza, nikikuandikia "kaa" kwenye kadi, upande wa pili utaandika nini? Wa baharini, la moto, au keti? Akacheka. Tangu siku hiyo kadi ikawa na sentensi nzima, na kutoka mia tisa zikabaki kama mia mbili na nusu. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba kazi inakwenda.

Agosti

Alifika kituo cha mtihani saa nzima kabla ya muda kwa kuhofia foleni, ingawa basi la mwendokasi halina foleni ya barabarani. Yake ni ya kituoni.

Sehemu ya kwanza ya hesabu, swali la tano, akakwama. Lilihusu matangi mawili yanayojazwa maji. Akaandika mlinganyo, ukamgeuka, akaanza upya. Anakadiria alikaa hapo dakika tano. Saa ilipokata, maswali matatu ya mwisho hayakuwa yameguswa. Hakuyabahatisha kwa sababu tangu sekondari aliaminishwa kwamba jibu baya linakata alama. GRE haikati kitu. Swali ulilokosea na swali uliloacha wazi vina thamani moja, sifuri, kwa hiyo kuacha wazi ni kutupa bahati bure.

Sehemu ya pili akaiona laini. "Nikasema hapa nimewaweza," aliniambia.

Aliposema hivyo roho iliniuma, kwa sababu nilijua kinachofanyika nyuma ya skrini. GRE hupanga ugumu wa sehemu ya pili kwa kuangalia ulivyofanya ya kwanza. Ukifanya vizuri unaletewa ngumu, yenye dari ya juu. Ukiyumba unaletewa nyepesi, na hata ukizikomba zote dari imeshashushwa. Ule ulaini alioufurahia karibu kwa hakika ulikuwa hukumu ya matangi mawili na maswali matatu matupu.

Skrini ikatoa lugha 147, hesabu 153. Insha ikaja baadaye na matokeo rasmi, 3.0 kati ya 6. Dola 220, zaidi ya laki tano za madafu, zikawa zimekwenda.

Saa ya simu

Jumamosi iliyofuata ndipo kaunta buku ilipokuja. Aliileta kama ushahidi: Ticha, ona, hesabu najua. Na kweli alikuwa anajua.

Nikachukua swali jepesi, nikawasha saa ya simu bila kumwambia. Bei ya bidhaa ilipanda asilimia 20, kisha bei hiyo mpya ikashuka asilimia 20. Ipi kubwa, ya mwanzo au ya mwisho?

Injinia akatafuta rula. Akaandika: Let the original price be P. Akaandika bei baada ya kupanda, akarahisisha. Akaandika bei baada ya kushuka, akarahisisha. Akaandika Hence. Akapiga mistari miwili. Jibu sahihi kabisa. Dakika mbili na sekunde kumi.

"Sasa ifanye shilingi mia," nikamwambia.

"Mia... mia na ishirini... tisini na sita."

Sekunde nne. Tukatazamana.

Tangu darasa la kwanza mpaka chuo, sote tumelelewa na alama za njia. Ukikosa jibu lakini njia ikaonekana, msahihishaji anakuhurumia. Ukipata jibu bila njia, unaulizwa umemwangalizia nani. Ni malezi mazuri, na daraja lililojengwa na mtu asiyeonyesha njia mimi silipiti. Lakini kituoni wanakupa karatasi ya rafu, wanaichukua ukitoka, na hakuna anayeisoma. Injinia alikuwa anamwandikia msahihishaji asiyekuwepo, kwa rula, kwa dakika ambazo hakuwa nazo. Kilichompa A za hesabu miaka yote ndicho kilichomwacha na maswali matatu matupu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ujuzi wa pili alikuwa nao tayari. Nilimuuliza saitini anafanyaje akiulizwa lori ngapi za mchanga zitatosha slabu.

"Naangalia tu, Ticha. Urefu, upana, unene, napiga kichwani. Tatu, labda na nusu. Nikirudi ofisini ndiyo nafanya kamili."

"Kwenye pepa kwa nini hufanyi hivyo?"

Akanyamaza kidogo. "Pepa ni pepa."

Jibu hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko alama zake. Wapo wengi wanaoingia kwenye chumba cha mtihani wakiwa wameacha akili ya kazini getini, kama kofia ya saiti. Wauza duka wanaopiga asilimia ya faida wakiwa wanafungasha mzigo, ukiwapa asilimia hiyo hiyo kwenye karatasi wanaomba kanuni.

Wiki saba

ETS inataka zipite siku 21 kabla hujarudia, na usizidi mara tano ndani ya miezi 12, kwa hiyo muda ulikuwepo. Hela ndiyo ilikuwa kazi. Injinia aliwaomba wenzake wa kijumbe wamsogezee zamu yake mbele, wakamkubalia baada ya kumsema vya kutosha. Tukapanga Oktoba. Aliulizia pia kuufanyia nyumbani, kwa kuwa ETS inaruhusu: chumba peke yako, kamera inakuangalia, rafu unaandika kwenye ubao mdogo wa kufutika badala ya karatasi. Nikamuuliza umeme wa mtaani kwao ulikatika mara ngapi wiki ile. Akarudi kituoni.

Masharti yalikuwa machache. Rula ilibaki kwangu. Kabla ya kushika kalamu, kadiria kwanza kama uko saitini. Hasa kwenye maswali ya chati na jedwali, ambako mara nyingi majibu ya kuchagua yako mbalimbali kiasi kwamba makadirio yanatosha, yeye alikuwa anafungua kalkuleta ya kwenye skrini na kutafuta desimali ya tatu. Na zikipita sekunde 30 hujaona pa kuanzia, bahatisha, weka alama ya kurudi, songa. GRE inakuruhusu kurudi ndani ya sehemu ileile mpaka muda uishe.

Bahati ilikuja kutoka kwenye basi. Injinia hupanda mwendokasi kutoka Kimara, na asubuhi kukaa ni ndoto. Mkono mmoja kwenye bomba, mwingine na simu, hana pa kushikia kalamu. Akaanza kufanya maswali hivyo hivyo akiwa amesimama, kwa kukadiria, kwa kuingiza namba rahisi, kwa kufuta majibu yasiyowezekana. Jumamosi asubuhi alishuka kituo cha DIT, akatembea mpaka Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi, na huko sasa kwa kalamu alirudia yale tu aliyoyakosa kwenye basi. Mpango huo mimi sikuubuni. Ningeubuni ningejivuna.

Kilichomsumbua kupita vyote ni maswali ya kulinganisha. Unapewa viasi viwili, useme kipi kikubwa, au viko sawa, au haiwezi kujulikana. Kwa mfano: x ni kubwa kuliko 0 na si 1. Kipi kikubwa, x² au x³? Injinia alijibu x³ bila kusita, kwa kuwa kichwani mwake x ilikuwa 2 au 3. Weka nusu: mraba wake ni 0.25, mchemraba wake 0.125, na mambo yamegeuka. Kwa hiyo haiwezi kujulikana. Alilikataa jibu hilo karibu wiki nzima. Chuoni, swali lisilo na jibu ni swali lililochapwa vibaya, unanyoosha mkono kumwita msimamizi. Tukamwekea desturi ya kujaribu nusu, hasi na sifuri kabla hajaamini chochote, na mpaka leo akisikia "x" anauliza, "Ameruhusiwa kuwa nusu?"

Upande wa nyuma wa kaunta buku tukafungua orodha ya makosa. Hakuandika mada, kwa sababu mada zote alizijua. Aliandika sababu: nilikokotoa kisichoulizwa, nilijibu x wakati wameuliza 2x, nilisahau nusu. Baada ya wiki tatu karibu nusu ya orodha ilikuwa ni ile ya kwanza. Kuhusu insha sina mengi: alizoea kumwaga nondo, kwanza, pili, tatu, zote upande mmoja. Akaongeza aya moja ya mtu anayempinga, akaijibu, ikatosha.

Lugha ilisogea polepole. Kuna swali la maneno sita uchague mawili yanayoipa sentensi maana ileile. Ukipata moja ukakosa jingine huna kitu, hata nusu alama. Alama za njia hazipo hata huku.

Oktoba alitoka na hesabu 162, lugha 150. Insha ikaja 3.5. Aliniambia sehemu ya pili ya hesabu ilikuwa ngumu mpaka akatokwa jasho kwenye chumba chenye kiyoyozi. Hapo nilijua kabla hajataja namba.

Tulichopaswa kufanya Aprili

Mwezi Novemba, fomu zikiwa wazi mbele yetu, ndipo tulipokaa kusoma masharti ya programu moja moja. Kati ya tano alizochagua, mbili ziliacha kudai GRE tangu kipindi cha korona, na moja imeandika wazi kwamba hata ukiituma hawataiangalia. Zilizobaki mbili ndizo zilizoitaka. Kusoma kurasa hizo tano kulituchukua saa moja na nusu. Dola 440 na miezi sita vilitangulia. Simwambii mtu asifanye GRE, kwani kwa zile mbili 162 ilikuwa na kazi yake, ila saa moja na nusu hiyo ilipaswa kuja kabla ya kadi ya kwanza ya maneno.

Kwenye GPA napo tulinusurika. Injinia alikuwa ameibadilisha mwenyewe kwa uwiano, 3.8 kati ya 5 ikawa 3.04 kati ya 4, na 3.04 ndiyo aliyoiandika. Njia safi, jibu baya. Vyuo vingi huagiza uandike alama kama zilivyo kwenye transkripti pamoja na kipimo chake, kuzitafsiri ni kazi yao. Kwetu 3.8 ni daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5 na kuishia 4.3, na pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mfano A inaanzia 70. Anayeijua mizani hiyo haitazami kama 3.04. Tukafuta, tukaandika 3.8, kipimo 5.

Barua za wadhamini, yaani za watu wanaomfahamu kumpendekeza chuoni, zilikuwa tatu. Moja ilitoka kwa bosi wake ndani ya siku mbili. Ya pili ilifika vizuri. Ya tatu, ya mwalimu wake wa mwaka wa nne, iliingia siku moja baada ya dirisha la programu mojawapo kufungwa. Simlaumu mzee wa watu. Tulimwandikia mwishoni mwa Novemba, wakati madirisha mengi yenye ufadhili hufungwa Desemba, na hatukumpa hata wasifu wa huyu kijana. Darasa lake lilikuwa na watu zaidi ya mia.

Maelezo binafsi, yale ya kurasa mbili ya kueleza kwa nini unataka kusoma, aliyaandika usiku mmoja. Yalianza na "tangu utotoni nilipenda majengo". Niliyasoma nikayapitisha, nilikuwa nimechoka pia.

Majibu yalikuja Machi na Aprili. Programu mbili zilimkubali bila ufadhili, tatu zilimkataa. Bila ufadhili hesabu ile hata kwa kalkuleta haitoki, akabaki kazini.

Matokeo ya GRE yanaishi miaka 5, kwa hiyo yake ya Oktoba 2024 bado yana uhai mpaka Oktoba 2029. Anaomba tena, na safari hii kitabu cha mtihani hatukifungui. Tumeanza na barua: mwalimu wa mwaka wa nne ameshapelekewa transkripti, wasifu na tarehe, na Injinia alienda mwenyewe ofisini kwake kumsalimia. Juzi nikamuuliza saitini anakutana na nini kinachomnyima usingizi. Akasema ni wenye majengo wanaotaka kuongeza ghorofa juu ya msingi ambao hakuna anayejua ulichimbwa kiasi gani, michoro imepotea, fundi aliyejenga amefariki, na yeye anaulizwa, injinia, itabeba? Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, alikuwa katikati ya kujaza zile fomu, na hakuandika hata mstari mmoja kuhusu kazi hii anayoifanya kila wiki.

Nikamwambia aanze na hapo. Aya ya kwanza analeta Jumamosi.